Jogoo wa Bi Sikudhani na Kanuni ya Wote

"Shauri la Usumbufu wa Sauti ya Kiumbe Afugwaye, Kabla ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi." Ndivyo Mtendaji wa kata, Bwana Lugendo, alivyoliita suala la jogoo wa jirani yake, Bi Sikudhani. Kesho yake mchana wakwe zake walikuwa wanakuja, na kitoweo hakuwa nacho.

"Kanuni inasema jogoo awikaye mapema hukabidhiwa jirani aliyeamshwa," alitangaza uani kwa mama huyo, mtaa mzima ukisikiliza. "Na aliyeamshwa ni mimi."

Bi Sikudhani hakuwa na jogoo mwingine. Bila huyo, asingepata vifaranga tena.

"Mheshimiwa, si ungebisha hodi tukazungumza kijirani? Ningemfungia jikoni."

"Ujirani ni jambo zuri, mama, lakini si kanuni."

"Nakuelewa, baba. Mie nimelelewa na utu, wewe umelelewa na vifungu, tusigombane kwa hilo. Ila kanuni yenyewe ni ya wote?"

"Ya wote! Hata mimi!"

"Hapo umenena." Akamfunga jogoo miguu, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Alfajiri jogoo aliwika uani kwa Mtendaji. Bwana Lugendo alipofungua mlango, alimkuta Bi Sikudhani kibarazani, anapiga miayo, na majirani nyuma yake.

"Umeamkaje, mheshimiwa? Mie nimeamshwa."

"Jamani, Bi Sikudhani, tuzungumze kijirani!"

"Tutazungumza sana, baba. Nikabidhi kwanza."

Jogoo alirudi kwao, na mchana ule wakwe wa Mtendaji walikula maharage.