Nakijwa na Mtoto Asiye na Ufa

Paukwa!

Pakawa.

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Kunjeni magoti, moto huu unatutosha sote.

Hapo kale, babu wa babu zenu hawajaota hata jino, palikuwa na mfinyanzi jina lake Nakijwa. Vyungu vyake havikuvuja kamwe. Kabla ya kuvichoma alivipapasa kwa vidole, kimoja kimoja, na alipogusa ufa, hata mwembamba kama unywele, alichukua kokoto lake laini, akasugua, akasugua, akaziba. "Ufa ni adui," alisema.

Nyumba yake ilijaa vyungu, mitungi na vikaango. Mtoto hakuwemo.

Siku moja akachukua udongo mzuri kuliko wote, akafinyanga mtoto wa kike. Akamtilia vijiti ndani viwe mifupa. Akampapasa tangu utosini hadi nyayoni, na kila palipokuwa na kitundu, akasugua, akasugua, akaziba. Akamlaza juu ya jani la mgomba.

"Nanzia, mwanangu, amka."

Kimya.

Jirani yake Naetwe akachungulia mlangoni. "Mwenzangu, leo umefinyanga chungu chenye pua?"

"Ni mwanangu."

"Basi mlete tumchome pamoja na vyungu. Huoni mawingu? Udongo mbichi ukinyeshewa hurudi kuwa matope."

Naetwe akaenda zake. Nakijwa alijua kwamba hakusema uongo. Lakini nani humtia mwanawe motoni? Akamwegemea mtoto, akalia kimyakimya.

Panzi akaruka kutoka dirishani. "Mama Mfinyanzi, huo ni mguu au mwiko wa kusongea ugali? Kijiti kimoja toka nyonga hadi kisigino! Fungua, mama, fungua."

"Nikifungua atavunjika."

"Usipofungua hatainama."

Nakijwa akafumba macho, akakata kijiti penye goti, penye nyonga, penye kiwiko, penye bega. Kati ya mfupa na mfupa akatia kipande laini cha gegedu na ute kidogo, isisagane. Mguu ukakunjika vizuri.

"Nanzia, mwanangu, amka."

Kimya.

Chura akatoka nyuma ya mtungi, shingo imemvimba. "Mama Mfinyanzi, kifua hiki kimejaa kama gunia la mahindi. Pumzi itakaa wapi? Fungua, mama, fungua."

"Nikifungua atapasuka."

"Usipofungua hatapumua."

Akatoboa matundu mawili ya pua. Akatoboa njia kooni. Akachota udongo kifuani, akaweka mapafu mawili, mepesi, yanayojaa na kunywea. Kuyazunguka akapanga mbavu nyembamba, ziinuke na kushuka pamoja nayo.

"Nanzia, mwanangu, amka."

Kimya.

Tone la kwanza likagonga paa. Likafuata la pili. Nyasi za paa zilikuwa kuukuu, na tone moja likapenya, likaangukia kidole cha mtoto. Ncha ya kidole ikaanza kulainika. Nakijwa akamfunika mtoto kwa mgongo wake.

Fuko akaibuka kwenye sakafu ya udongo, pua imejaa vumbi. Akatega sikio. "Mama Mfinyanzi, huyu ana moyo mzito kama jiwe. Hauna hata chumba. Fungua, mama, fungua."

"Nikifungua atavuja."

"Usipofungua hataamka."

"Basi ingia, baba. Fanya upesi."

Fuko akaingia katikati ya tumbo, akachimba. Ndani ya moyo akachimba vyumba vinne, akaweka milango inayofunguka upande mmoja tu, damu isirudi ilikotoka. Kutoka moyoni akachimba mishipa hadi kwenye vidole vya miguu, akachimba mingine ya kurudia. Akatoka akihema.

"Njia zipo. Cha kupita humo mimi sina."

Nakijwa hakuuliza ni nini. Alichukua kigae cha kukwangulia vyungu, akajikata kidole, akatiririsha damu yake kwenye tundu la tumbo. Kisha akamkumbatia mtoto, kifua kwa kifua, mvua ikimpiga mgongoni.

Moyo wa mama ukasema, du-du.

Moyo wa mtoto ukasikiliza.

Moyo wa mama ukasema, du-du. Du-du.

Na wa mtoto ukaitika.

Udongo ukapata joto, ukawa ngozi. Mbavu zikainuka, zikashuka.

"Tundu la tumboni lizibe sasa," akasema Fuko. "Hilo tu. Kazi yake imekwisha." Nakijwa akaliziba kwa kidole, likabaki alama.

Nanzia akafumbua macho, akapiga kelele. Kwenye kona za macho yake maji yakaanza kuvuja. Mkono wa Nakijwa, kwa mazoea, ukalitafuta kokoto. Ukalipata. Ukaliacha.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lia tu."

Ndiyo maana, wanangu, mwili una mikunjo na matundu mengi, na kila moja lina kazi yake. Si kila ufa ni kasoro. Mwingine ni mlango.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda anisaidie kuzima moto. Na kabla ya kulala kila mtu apapase kitovu chake. Asiyekiona asije kwangu, akamwulize mama yake.