Kisahani cha Saa Elfu Moja

Hapo zamani, si za mababu bali za juzijuzi, palikuwa na maabara ya chuo, na ndani yake tanuri, na ndani ya tanuri kisahani cha kauri chembamba kama biskuti. Kazi yake ilikuwa moja: kupewa mvuke na umeme katika joto la nyuzi mia nane, kiupasue mvuke, haidrojeni huku, oksijeni kule. Kikikosa mvuke, kinakufa. Kikipoa ghafla, kinapasuka.

Daktari Kisamo, mkuu wa maabara, aliwaambia vibarua wake watatu, mfinyanzi, mfagizi na mlinzi wa pampu: "Kikifikisha saa elfu moja kikiwa hai, ninayo ajira moja ya kudumu. Moja tu. Wawili mtaniaga Ijumaa."

Machumu, mlinzi wa pampu iliyopeleka maji tanurini yawe mvuke, alimeza mate. Miaka sita kibarua! Mama mkwe wake alikuwa bado anamwita "yule wa muda."

Saa ya mia tisa sitini na mbili, asubuhi, akatamani chai. Akachomeka birika kwenye soketi ya pampu. Pah! Birika kimya, pampu imeungua.

Machumu akanyakua bomba la sindano, akatia maji kwenye mrija uingiao tanurini. Tone, hesabu tatu, tone. Saa sita nzima, mkono ukafa ganzi, msalani hakwenda, mpaka fundi alipoleta pampu nyingine.

Katikati ya hayo Daktari akaingia mbio. "Fungueni tanuri nione kama kizima!"

Bi Mwanakheri, mfagizi, akajibandika mlangoni pa tanuri. "Mwanangu, mkate wa kumimina haufunuliwi kabla haujaiva."

"Mimi ndiye mkuu hapa!"

"Basi ukuu ufanyie kule."

Daktari akaufanyia kule.

Saa elfu moja ikatimia, kisahani kikiwa hai kinapasua mvuke. Daktari akatoa barua yenye nafasi ya jina moja.

"Nimekiumba mimi," alisema Zuhura, mfinyanzi wao. "Sitini vilipasuka, nikalia, nikakanda cha sitini na moja. Bila mimi mngelinda tanuri tupu."

"Nimemzuia bosi kukiua," alisema Bi Mwanakheri. "Nani mwingine hapa angethubutu?"

"Nimekinywesha tone kwa tone," alisema Machumu.

"Na pampu iliunguzwa na nani?" aliuliza Daktari.

Hakuna aliyeliona lile birika. Machumu angeweza kunyamaza, na roho ilimtuma anyamaze. Akamkumbuka mama mkwe, akaona aibu kumpelekea ajira ya uongo, akasema, "Mimi. Nilitaka chai."

Zuhura akashika kichwa. Bi Mwanakheri akaguna, "Wallahi, mwanaume mzima!" Daktari akainua kalamu, akaitua, akainua tena, akawageukia nyinyi.

Haya, msicheke tu. Mmoja amekiumba, mmoja amekikinga, na mmoja amekiponya baada ya kukiponza, kisha akasema kweli ambayo hakuna aliyeijua. Je, nani alistahili kuandikwa kwenye barua ile?