Samaki Aliyelala Tumbo Juu

Kinywa wazi si njaa. Nilimwambia Asia maneno hayo alipomkimbilia mtoto na chupa ya uji, akanuna. Nikamwambia tena, akaniuliza, "Sasa bibi, mtoto analia, mdomo kaupanua hivi, kama si njaa ni nini?" Na wewe Jumbe ukacheka, ukataka kujua methali hiyo nimeiokota wapi, maana shuleni hamkufundishwa. Haya. Mtoto kasinzia, uji uko pembeni, kaeni niwaeleze ilikoanzia. Ila msinikatize. Mimi nikikatizwa naacha, na nikiacha sirudi.

Ilianzia Tanga, Ngamiani, katika nyumba ya bibi yangu mzaa mama, Bi Mwantumu. Na mimi nilikuwepo. Usinitolee macho, Jumbe, nilikuwepo, ila nilikuwa tumboni. Mengine nilisimuliwa na mama yangu, Hidaya, na mengine na Sauda, mke wa mjomba wangu, ambaye kisa hiki ni chake kuliko cha mtu yeyote.

Mjomba Kibwana alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na mkewe Sauda alimwacha Tanga kwa mama yake. Safari moja alikuja na zawadi ndani ya mfuko wa nailoni: samaki wa mapambo, rangi ya dhahabu, mfupi, mnene, mwili duara kama chungwa na mkia mpana uliogawanyika mara mbili. Bibi alimpenda papo hapo. Alinunuliwa tangi la kioo, likawekwa sebuleni juu ya kabati fupi, mkabala na pale palipotandikwa mkeka wa chakula. Kwa vile mwili wake wote ulikuwa tumbo, walimwita Kitumbo.

Sasa nyumba ile ilikuwa na desturi, na nyinyi mnaokula chipsi mkitembea njiani hamtaielewa. Mtu hali mbele ya anayemtazama. Ukila na mwingine anakuangalia, na wewe humpi, jicho lake linaingia kwenye tonge lako, na likishuka tumboni litakusokota mpaka ujute. Bibi alikuwa akimkatia kipande hata paka wa jirani. Mgeni yeyote aliyeingia pale alikuwa amelelewa vivyo hivyo, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

Basi na huyu Kitumbo, kila mkeka ulipotandikwa, alikuja mbio mpaka kwenye kioo. Alisimama pale akiwatazama watu, kinywa kikifunguka na kufungika, kikifunguka na kufungika. Alifanya hivyo asubuhi kwenye chai, mchana kwenye wali, na alasiri wageni walipoletewa kahawa na kaimati. Nani angeweza kumeza?

Mama yangu alikuja kujifungulia kwao, kama ilivyokuwa ada. Alikuwa ameshaharibu mimba mbili kabla yangu, na alikuwa akiogopa kila kitu. Aliogopa kuruka kamba, aliogopa kusimama mlangoni magharibi, aliogopa kusifiwa. Bibi aliogopa zaidi yake, ila yeye hofu yake ilitoka kwa ukali. Na macho ya ukali huo yaliangukia kwa Sauda.

Sauda alitoka Muheza. Alikuwa ameolewa muda wa kutosha watu kuanza kuhesabu, na hakuwa na mtoto. Hilo peke yake lingesameheka. Lakini alikuwa na tabia moja: kila mama alipopita mbele yake, Sauda aliinamisha macho chini, akamwangalia, na macho yakaganda. Midomo yake ilifunguka kidogo kama anayetaka kusema, halafu ikafungika.

"Anamtazama mwanangu tumbo," bibi alimnong'oneza jirani yake, Bi Mwanamvua. "Ana njaa ya mtoto yule. Jicho lake litatumaliza."

Bi Mwanamvua, kwa kuwa alikuwa jirani mwema, hakuwaambia watu wengi. Aliwaambia wale aliokutana nao.

Asubuhi moja mama aliingia sebuleni na kikombe cha chai, akamkuta Kitumbo amesimama kichwa chini, mkia juu. Alikuwa akijitahidi kuzama, anapiga mkia, anashuka kidogo, halafu anapanda tena kama kizibo cha chupa. Ilipofika adhuhuri alikuwa ameelea tumbo juu kabisa. Hakuwa amekufa, na hilo ndilo lililowatisha. Kinywa kilikuwa kinafunguka na kufungika vilevile, jicho liko wazi, linawatazama kutoka chini kwenda juu. Sehemu ya tumbo iliyotoka nje ya maji ilianza kukauka na kuwa nyekundu.

Mama alilishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Ndiyo mimi huyu, mama," alisema. "Nimeonyeshwa. Ndiyo mimi na mwanangu." Akalazwa kitandani, na tangu siku hiyo akawa analalamikia kichwa.

Bibi alimwita Sauda kutoka jikoni. Alimsimamisha mbele ya lile tangi, wageni wakiwapo, Bi Mwanamvua akiwapo.

"Mimi si mtu wa maneno mengi," bibi alisema, naye alikuwa mtu wa maneno mengi mno. "Samaki huyu alikuwa mzima. Ulipomkodolea macho mwanangu, samaki ndiye aliyelipokea jicho. Akifa, utapanda basi la Muheza, na talaka yako itakufuata huko huko."

Sauda alimjua mumewe. Kibwana alikuwa mtu mpole, lakini mama yake akisema "acha", angeacha. Na kurudi Muheza umeachwa ni kitu kimoja, kurudi umeitwa mchawi ni kingine. Nani angemwoa tena? Nani angemruhusu hata amshike mtoto wake?

Kilichofuata ni kazi ya woga, msije mkadhani ni akili. Sauda aliliziba lile tangi kwa sinia, akaacha upenyo wa hewa tu, akavuta kigoda akakaa kando yake. Alisema moyoni, samaki huyu akifa mkononi mwa mtu mwingine, nitaambiwa nimemuua mimi. Kwa hiyo hakuna mkono utakaoingia humu. Na wa kwake pia hakuuingiza, kwani angetia hata punje, wangesema ni dawa. Akala pale pale, amegeukia ukutani, na alipokwenda kuswali aliliacha sinia limekandamizwa kwa kinu.

Wageni hawakuacha kuja. Kila aliyeketi na kikombe chake alimwona Kitumbo amepinduka, anafungua kinywa, akahisi kaimati imemkwama kooni.

"Nipishe, mwanangu, nimpe kidogo tu," alisema Bi Mwanamvua. "Maskini, mgonjwa na bado anaomba."

"Hapana, mama. Asiguswe."

"Hata chembe ya mkate?"

"Hata harufu yake."

Wakatoka nje wakisema, mmeona? Anamfungisha afe, na akishakufa yule, atafuata aliye kitandani. Maneno hayo yalimfikia bibi kabla kahawa haijapoa. Bibi alikuja akasimama mlangoni, akamtazama Sauda, Sauda akamtazama yeye, na kila mmoja aliona mwenzake anaogopa. Bibi hakusogea. Alidhani akimng'oa pale kwa nguvu, lile jicho litamgeukia Hidaya moja kwa moja.

Huku nyuma mama alikuwa anazidiwa. Ndara zilikuwa hazimwingii tena. Uso ulimjaa, wakasema amenenepa, mtoto amekaa vizuri. Akasema anaona nyotanyota, wakasema ni hofu, wakamchomea ubani. Alipojikokota kwenda msalani alipita mbele ya Sauda, na Sauda akamwangalia vile vile, macho chini. Mama alikuwa akikimbia na miguu ile mizito ili macho yale yasimpate.

Siku zikaenda. Kitumbo akatoa choo kirefu, cheupe, kinaning'inia nyuma yake kama uzi. Akatoa tena. Akaanza kulala ubavu badala ya mgongo. Sauda aliona, akaogopa kufurahi. Halafu siku moja, jua limeshapanda, Kitumbo alijigeuza, akayumba, akasimama sawasawa. Alizama mpaka chini, akaokota kijiwe kwa mdomo, akakitema.

Bibi alipoingia na kumwona, mnadhani alishukuru? Alirudi nyuma hatua.

"Umemfanya nini?"

"Sikumfanya kitu, mama."

"Umempa nini basi?"

"Sikumpa kitu. Hakuna aliyempa kitu."

Kabla bibi hajajibu, mama aliingia na sahani ya mkate wa kumimina. Alikuwa amesikia sauti. Kitumbo alipoiona ile sahani alikuja kwenye kioo, kinywa kikafunguka na kufungika. Na mkono wa mama, bila yeye mwenyewe kuutuma, ukamega kipande, ukasukuma sinia, ukaenda kwenye maji. Sauda akaudaka mkono hewani.

Watu wote watatu waliutazama ule mkono.

"Wifi," Sauda alisema taratibu, "kabla sijaliziba, ulikuwa ukimpa kila siku?"

Mama akaanza kulia. "Nitafanyaje? Mimi nakula chakula cha watu wawili na yeye ananitazama. Nikimnyima ataniwekea jicho. Nilimpa kila nilipokula. Mkate, andazi, chochote. Ukielea juu anaumeza pamoja na mapovu yake mpaka unakwisha."

"Nawe, mama?" Sauda alimgeukia bibi.

Bibi alikohoa. "Asubuhi. Na mchana kidogo. Na mtu akimaliza kahawa, yale makombo." Akafikiri. "Na Mwanamvua naye humpa. Na wageni wengine. Hakuna anayeketi pale asimpe."

"Basi tumemlisha sote mpaka akajaa hewa, akapinduka. Hana njaa, mama. Kinywa wazi si njaa. Ndivyo alivyoumbwa, atafungua kinywa hata akiwa anapasuka."

Bibi aliketi juu ya mkeka. Aliponyanyua uso, ukali ulikuwa umemtoka, imebaki hofu tupu.

"Na wewe, mwanangu," alisema. "Wewe kinywa chako unakifungulia nini? Unamtazama Hidaya tumbo kila siku, midomo wazi. Kama si njaa ya mtoto, ni nini?"

Hapo ndipo Sauda alipolia. Alikuwa hajalia siku zote zile.

"Simtazami tumbo, mama. Namtazama miguu. Dada yangu alivimba hivi hivi. Miguu kwanza, halafu uso, halafu kichwa, halafu akawa anaona nyotanyota. Tukamwambia amenenepa. Alianguka uani na hakuamka, yeye wala mtoto. Kila siku nataka kusema, na nikisema mtaniambia nimemwapiza."

Alipiga magoti, akaubonyeza mguu wa mama kwa kidole gumba. Alipokiondoa kidole, shimo lilibaki kama kwenye unga uliokandwa, likakaa, halikujaa.

Bibi aliliangalia lile shimo. Hakuuliza tena. Alitoka nje bila buibui, mwanamke yule ambaye hakuwahi kuvuka kizingiti bila buibui, akasimama katikati ya barabara akaizuia gari ya kwanza iliyopita. Ilikuwa imebeba mifuko ya saruji. Mama alipakiwa juu ya saruji, kichwa mapajani mwa Sauda. Njiani mama alianza kukaza meno na macho yakaenda juu. Sauda alimshika taya, akawa anamwita jina lake tu, Hidaya, Hidaya, mpaka hospitali.

Presha ilikuwa imepanda mpaka mwisho. Daktari alimwambia bibi kwamba wangengoja mpaka kesho yake, yeye daktari asingekuta mtu wa kutibu. Nilitolewa siku hiyo hiyo, mdogo, sauti kama ya paka. Mama alinusurika, ingawa walikaa wakimlinda siku nyingi, na bibi hakuondoka kwenye benchi pale nje ya wodi. Sauda ndiye aliyenishika wa kwanza. Bibi mwenyewe alimpa, mbele ya Bi Mwanamvua na wale wote aliokutana nao.

Sauda hakuzaa mpaka akazeeka. Lakini aliyethubutu kumsema alikula sahani moja na Bi Mwantumu. Kitumbo aliishi miaka mingi, akila mara moja kwa siku, chakula kilicholowekwa kikazama, kidogo kama ncha ya kidole. Na bibi, kila mtu alipokuja kumwambia fulani ana kijicho, fulani anataka hiki, fulani anaonekana anataka kile, alimjibu maneno ya mkamwanawe, mpaka Ngamiani nzima ikayashika.

Huyo, mtoto ameamka. Msikilizeni anavyolia, kinywa chote. Asia, mkono wako ulishafika kwenye chupa, nimeuona. Vizuri, irudishe. Mgeuze. Mbona anaufukia upande huu wa kichwa kifuani kwako? Gusa nyuma ya sikio, taratibu. Umeona alivyoruka? Na pana moto. Jumbe, lete kanga yangu, tunakwenda zahanati sasa hivi, wala msiniulize tena methali yangu niliitoa wapi.

Kinywa wazi si njaa.