Kiti cha Mapokezi

Sogeeni karibu, maana hadithi hii nataka mnisaidie kuimaliza.

Kule Tukuyu, walikuwapo watu watatu waliompenda kijana mmoja aitwaye Lusajo. Atupele, dada yake, alikuwa fundi cherehani; nguo kuukuu ikipita mikononi mwake ilitoka kama mpya. Ambakisye, rafiki yake, aliweza kuzungumza na mtu yeyote, mkubwa kwa mdogo. Na Tumpe, mchumba wake, akishaamua jambo hakurudi nyuma.

Lusajo mwenyewe aliungua kwa uji wa moto utotoni, shavu likabaki na kovu kubwa. Akazoea kuzungumza akitazama chini. Kila alikoomba kazi walimwangalia mara moja tu, wakamwambia watamwita. Hawakumwita.

Kisha hospitali moja ikatafuta mtu wa mapokezi, na Lusajo akaitwa kwenye usaili.

Atupele akalichukua koti la marehemu baba yao, akalifumua lote, akalishona upya kwa kipimo cha mdogo wake. Nguo za wateja aliziweka kando, na wateja wakaondoka mmoja mmoja wakaenda kwa mafundi wengine. Lusajo alipolivaa, mama yao alitoka nje kulia.

Ambakisye naye alikuwa ameitwa kwenye usaili uleule. Hata hivyo kila jioni alikuja, akaketi mbele ya Lusajo na kumuuliza maswali.

"Nitazame machoni. Ukitazama chini watadhani unaficha kitu."

"Na wewe je? Kazi yenyewe ni moja."

"Mimi nitajieleza nikifika. Wewe nitazame."

Siku ya usaili mvua ilinyesha tangu alfajiri, magari yakakwama. Lusajo akasema basi, hiyo haikuwa riziki yake. Tumpe akavua viatu. "Twende kwa miguu," alisema. Alibeba koti na viatu vya Lusajo ndani ya mfuko wa nailoni, na walipofika langoni akapiga magoti kwenye matope, akamnawisha miguu, akamvisha. Lusajo akaingia nadhifu. Tumpe akabaki nje, analowa.

Bi Sekela, mkuu wa utumishi, alimtazama kwa muda. "Mgonjwa akifika hapa, uso wa kwanza kuuona utakuwa wako. Atajisikiaje?"

Lusajo hakuinamisha macho. "Atajua amepokewa na mtu aliyewahi kuumia, mama."

Akapewa kazi siku hiyohiyo; Ambakisye akakosa.

Lakini baridi ya ile mvua ilikuwa imemwingia. Alianza kukohoa, kifua kikambana, na kabla ya siku ya kuanza kazi Lusajo akafariki, katika wodi ya hospitali ileile.

Baada ya mazishi Bi Sekela alikuja kumpa mama mfiwa pole, akaketi naye na wale watatu kwenye mkeka. Akasimuliwa yote niliyowasimulia. Kisha akasema, "Mama, kiti bado kiko wazi. Kijana niliyemwona siku ile, hawa watatu ndio walionifikishia. Nitajie mmoja, nimpe."

Atupele akasema, "Wateja sina tena, na mdogo wangu sina. Kazi naihitaji. Ila sijui kama nitaweza kukaa pale."

Ambakisye akasema, "Niliitaka kazi hiyo kabla ya yote haya. Sasa naona haya kuitaka."

Tumpe akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia twende."

Mama akamshika mkono. Aliwatazama wote watatu, kila mmoja amekonda kwa msiba, kila mmoja hana kazi ya kumlisha. Alijua akimtaja mmoja, wawili watajiona wamehukumiwa mbele ya kaburi bichi. Na akinyamaza, kiti atapewa mtu ambaye hakumjua mwanawe.

Bi Sekela alikuwa anasubiri jibu.

Haya, nyinyi mlionisikiliza: lau mngekuwa mmeketi kwenye mkeka ule, mama yule akawageukia, mngemtajia jina la nani?