Sufuria Moja ya Bisi

Nyumba ya dada wawili ilikuwa imenuna kuliko wenyewe. Mkubwa alikuwa fundi cherehani, mdogo alikuwa msusi, nao hawakusemezana tangu fundi alipolikata gauni la marehemu mama yao akashona foronya bila kumuuliza mwenzake. Msusi alikuwa ameshafunga mizigo. Jumatatu angehamia chumba cha kupanga ng'ambo ya mji, na fundi, ingawa alijikaza kisabuni, moyoni alikuwa akilia.

Jumamosi alasiri ikapigwa hodi. Alikuwa shangazi yao, ambaye kamwe hakuarifu kabla ya kuja.

"Shikamoo, Shangazi!" walisema pamoja, kila mmoja akitazama upande wake.

"Marahaba, wanangu. Njaa inaniuma, msiniletee maji matupu!"

Nyumbani hamkuwa na kitafunwa chochote ila mahindi ya bisi, tena ya sufuria moja tu. Fundi akaingia jikoni, akapasha mafuta, akamwaga mahindi na kufunika. Punje zikaanza kupasuka, pa! pa! pa! hata mfuniko ukatikisika. Zilipotulia, akanyunyiza chumvi, akafunika tena, akaenda kuandaa meza.

Msusi naye akaingia kwa mlango wa nyuma, akaikuta sufuria imefunikwa. Mwingine angeuliza, "Dada, umeshatia kitu?" Yeye je? Thubutu! Aliyetangulia kusema ndiye aliyeshindwa. Akayeyusha sukari na siagi mpaka ikawa na rangi ya asali, akazimiminia bisi, akachanganya na kupakua.

Shangazi akachota konzi moja, akatafuna. Fundi akaonja punje moja. Lo! Sukari! Leo wameadhirika mbele ya mgeni.

"Nani kapika hizi?" Shangazi akauliza.

"Yeye!" wakajibu kwa pamoja, wakinyoosheana vidole.

"Basi huyo 'yeye' anieleze. Nikisema tamu, naonja chumvi. Nikisema za chumvi, naonja sukari! Tangu nizaliwe sijala bisi nzuri hivi. Mmezifanyaje?"

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia, kwa maana hakuna aliyeyajua mapishi yote peke yake.

"Kwani ulitia chumvi?" msusi akamuuliza dada yake.

"Nilitia. Na wewe ukamwaga sukari juu yake?"

"Sasa ningejuaje, na wewe husemi?"

"Asiyesema ni wewe!"

Kicheko kikawaponyoka. Walicheka mpaka machozi yakawatoka, na ya fundi yakaendelea hata kicheko kilipokwisha.

"Nisamehe, mdogo wangu. Nilitaka sote wawili tulalie kitu cha mama. Ilinipasa nikuulize kwanza."

"Ungeniuliza, dada, ningekushikia mkasi," msusi akajibu, naye akilia.

Kisha akaenda chumbani. Fundi akasikia zipu ya begi ikifunguliwa na nguo zikirudishwa kabatini, moja baada ya nyingine. Akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Shangazi hakuelewa habari ya gauni wala ya begi. Yeye alikuwa akikwangua bakuli. "Ndiyo zimekwisha kweli?" akauliza kwa masikitiko, na fundi akamkumbatia kwa nguvu hata bakuli likataka kuanguka. Ama kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.