Kidole Chini ya Chungu

Kifuniko cha chungu kiligonga-gonga jikoni gizani, ta-ta-ta. Bibi Tusekile alikisogeza mvuke upate njia, akarudi mkekani kwa wajukuu zake wawili. Walikuwa wamelisikia neno sokoni wakalileta nyumbani: *Chungu huagizwa, kidole ni cha mfinyanzi.*

"Bibi, lilitoka wapi?"

"Kwetu Ipyasi, kwa watu wa udongo. Mwanzo wake ni huu."

Miaka ya vita, paliishi Ipyasi mfinyanzi aitwaye Sikitu na mumewe Ambakisye. Mume alichimba udongo bondeni na kuuleta kikapuni, umefungwa majani mabichi ya mgomba usikauke. Asubuhi moja yeye na jirani zake wawili walikutana na askari mtoni. Askari kuona vikapu vizito vilivyofungwa hivyo, wakadhani ni mabomu. Hapo hawalaumiwi, hofu ina macho makubwa. Lakini vikapu walivifungua, wakaona udongo. Wale watatu walisimama mikono juu, viganja vimejaa matope.

"Wamalizeni," luteni akasema. "Hatuna muda wa mateka."

Askari mmoja aliweka bunduki chini, akapigwa na kufungwa kamba. Koplo Seba hakuweka yake; aliwafyatulia risasi.

Vita vilipokwisha, korti ilikuja ikakaa Ipyasi, ndani ya darasa la shule. Luteni alikwisha kuhukumiwa. Sasa ilikuwa zamu ya koplo. Sikitu alikaa benchi la mbele, amempakata binti aliyezaliwa baada ya baba yake kuzikwa. Alitaka kitu kimoja tu: aliyemuua mumewe asitoke pale kama mtu aliyekuwa anapita njia.

"Mheshimiwa Jaji," koplo alisema, "mimi niliamrishwa. Kosa ni la afande, na ameshafungwa."

Watu wakaguna. Wengine waliona ana hoja. Mdogo afanye nini mbele ya mkubwa wake? Sikitu naye aliusikia ule mguno.

Alipoitwa kutoa ushahidi, alimwachia jirani mtoto, akasimama na chungu kilichopasuka.

"Mama, hicho cha nini?" jaji aliuliza.

"Mheshimiwa, hiki aliniagiza mwalimu wa shule hii. Alitaka shingo nyembamba. Nikamwambia kitapasuka, akang'ang'ania, nikafinyanga." Akakigeuza. Chini palikuwa na alama ya kidole gumba. Kila mfinyanzi wa Ipyasi huibonyeza udongo ukiwa mbichi, ili chungu kikiharibika kijulikane kirudi kwa nani. "Mwalimu ana lawama yake. Lakini kimerudi kwangu, maana kidole hiki si cha mwalimu."

"Na mwalimu naye asiponyoke, mama!" mzee mmoja akachomekea kutoka nyuma, darasa likacheka.

Sikitu hakucheka. Alimgeukia koplo, na jaji akamwacha aseme.

"Kaka, vikapu mlivifungua?"

"Tulivifungua."

"Mikono yao ilikuwa na nini?"

Koplo alivitazama viganja vyake mwenyewe. "Udongo, dada."

"Na mwenzako aliyeweka bunduki chini, yuko hai?"

"Yu hai. Yule pale mlangoni."

Jaji alisema kwamba amri ya kumuua mtu asiye na silaha, nawe unamwona kwa macho yako, si amri ya kutiiwa. Koplo alihukumiwa kwa mauaji, kama luteni wake. Sikitu hakupiga vigelegele. Alimchukua mwanawe, akarudi nyumbani, akaanza kumfinyangia mwalimu chungu kingine, chenye shingo nene.

"Yule mtoto alikuwa nani, Bibi?"

"Mimi hapa. Na hicho kinachochemka huko jikoni ni cha mama yangu. Kesho kikipoa nitakigeuza mkione kidole chake. Basi hata leo, mtu wa Ipyasi akikuta mtu anajitetea kwamba yeye aliambiwa tu, hamjibu marefu. Humwambia: *Chungu huagizwa, kidole ni cha mfinyanzi.*"

Mjukuu mdogo alikitazama kidole gumba chake kwa mwanga wa makaa uliotoka jikoni, akakikunja, akakikunjua.

"Koplo naye angeweza kuweka bunduki chini," alisema.