Chupa Iliyosuuzwa

Ukiuacha mji wa Kericho nyuma yako na kushika njia ya Sigowet, utaona nyumba ndogo ya mawe iliyojibanza kando ya mashamba ya majani chai. Mvua hulipiga paa lake karibu kila alasiri. Hiyo ni maabara ya kupima maji. Ndani mna meza mbili ndefu, hadubini moja, kabati la joto la kuoteshea bakteria, na mama mmoja wa pande za ziwani aitwaye Jerusa, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajaandika tokeo lolote asilolihesabu kwa macho yake mwenyewe. Hapo ndipo Chepngeno, mwanafunzi wa biolojia wa mwaka wa tatu, alipoletwa kufanya mafunzo yake ya kazini.

Chepngeno alikuwa na bidii, hilo hakuna ambaye angelipinga. Alifika kabla ya mlango kufunguliwa na kuondoka baada ya sakafu kukauka. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hauonekani kwa hadubini: hakupenda hata kidogo kuonekana hajui. Swali lilikuwa halijafika mwisho, yeye keshajibu "ndiyo". Chuoni walifundishwa kuchota sampuli siku moja tu, wanafunzi arobaini wakilizunguka bomba moja, naye kwa ufupi wake aliambulia kuona migongo ya wenzake.

Katika wiki ya pili, Madam Jerusa alimwita.

"Chepngeno, umewahi kuchota sampuli ya chemchemi?"

"Ndiyo, Madam."

"Wewe mwenyewe, kwa mkono wako?"

"Mimi mwenyewe kabisa."

Ala! Ulimi hauna mfupa. Madam Jerusa alimtazama kidogo, kisha akamkabidhi chupa iliyotakaswa kwa mvuke, mdomo wake umefunikwa vizuri, pamoja na kijisanduku cha barafu. Alimtuma kijiji cha Chepkoswet, ambako shule ya msingi na maboma yote ya jirani yalitegemea chemchemi moja iliyojengewa saruji na kutiwa bomba. Watoto wawili walikuwa wameumwa na tumbo, na mwalimu mkuu alitaka kujua kama ni maji.

Karibu na chemchemi, Chepngeno alimkuta bibi mmoja, Kogo Taprandich, akivutana na ndama aliyekataa kwenda malishoni. Angempitaje mzee akihangaika hivyo? Aliushika mkia, akaishika pua iliyojaa makamasi, akamsukuma ndama mpaka akafungwa kwenye mti. Kogo alimshukuru na kumbariki, kisha akaketi kwenye nyasi kupumzika na kumtazama akifanya kazi yake.

Sasa sikiliza vizuri. Kwao Chebunyo, mtoto aliyelelewa hachoti maji kwa chombo ambacho hajakisuuza. Mama yake alimfundisha hivyo tangu akiwa na umri wa miaka minne, na alipokosea alipigwa kofi mkononi. Basi Chepngeno hakuwaza mara mbili. Alifungua chupa, akakiweka kifuniko juu ya jiwe, akatia maji kidogo, akatikisa, akaingiza kidole na kusugua mdomo wa ndani, akamwaga. Akarudia tena. Halafu ndipo akaijaza. Kogo alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kesho yake kisahani kilichotiwa maji hayo kilipotolewa katika kabati la joto, kilikuwa kimejaa madoa ya buluu yasiyohesabika. Kila doa lilikuwa kundi la bakteria wa kinyesi. Madam Jerusa alifyonza meno, akaandika ripoti. Afisa wa afya akabandika tangazo kwenye ua wa chemchemi: maji yamefungwa mpaka kipimo cha pili. Gari la maabara nalo lilikuwa gereji, na kipimo cha pili kikapangiwa wiki tatu baadaye. Watu wa Chepkoswet wakaanza kuteremka mtoni, kwenye njia ya utelezi, mitungi mgongoni.

Baada ya siku tisa, Chepngeno aliambiwa apange makaratasi ya zamani. Humo alikutana na mwongozo wa kuchota sampuli. Alisoma: chupa iliyotakaswa haisuuzwi. Mdomo wake hauguswi. Kifuniko hakiwekwi chini. Mikono ioshwe kwanza kwa sabuni.

Alisoma tena. Alikumbuka pua ya ndama, akakumbuka na kidole chake.

Ilimpasa aende moja kwa moja kwa Madam Jerusa, sivyo? Hakwenda. Daktari Sagini, mhadhiri wake, alikuwa anakuja wiki iliyofuata kumtathmini, na mwanafunzi anayeanguka tathmini hiyo hurudia mwaka. Mwaka mzima! Basi akaanza kujibembeleza. Huenda maji yale ni machafu kweli. Huenda kidole hakikubadilisha kitu. Watoto waliumwa, au sivyo? Kwa siku tano alijipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila siku chakula akakiacha nusu.

Siku moja kabla ya Daktari Sagini kufika, watu wa Chepkoswet waliitisha mkutano katika uwanja wa shule. Walitaka maabara ijieleze. Madam Jerusa aliazima pikipiki mbili, akamchukua na mwanagenzi wake.

Mzee Kiptum, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, hakuzunguka mbuyu.

"Hii chemchemi tulijenga sisi wenyewe," alisema akiwa ameegemea fimbo yake. "Tuling'oa mikaratusi yote iliyokuwa juu. Tukaweka ua. Ng'ombe haingii, hata kuku haingii. Sasa mnatuambia iko na kinyesi. Kinyesi cha nani?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Mbele yao alikaa mama mmoja kijana, Fancy, mkono wake wa kulia umefungwa kwa leso shingoni. Alikuwa ameteleza kwenye njia ya mtoni akiwa na mtungi wa lita ishirini.

Madam Jerusa alisimama imara. "Mzee, maji hayanisingizii na mimi siyasingizii. Chupa ilitoka kwangu ikiwa safi, ikajazwa na mtu anayejua kazi. Nilichohesabu ndicho nilichoandika."

Hapo ndipo Kogo Taprandich aliponyanyuka. Minong'ono ikazimika, maana bibi huyo hakuwa mtu wa kusema ovyo.

"Mimi nataka kumtetea huyu msichana," alisema. "Msimlaumu bure. Nilimwona na macho yangu. Kwanza alinisaidia na ndama wangu, yule mkorofi, akamshika mpaka pua. Halafu akaenda kwa bomba, akasuuza ile chupa mara mbili, akaingiza kidole akasugua ndani. Mara mbili! Msichana amelelewa akawa msafi namna hiyo, atakosea aje?"

Wanawake wakapiga makofi. Chepngeno alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kalamu ya Madam Jerusa ilisimama katikati ya neno. Aligeuza shingo polepole, akamtazama mwanagenzi wake, na katika macho yale Chepngeno aliona kwamba kila kitu kimejulikana. Kati ya watu zaidi ya mia moja uwanjani, ni wao wawili tu walioelewa maana ya sifa zile.

"Nyamaza hivyo hivyo," Madam Jerusa alimnong'oneza. "Nitawaambia tutapima upya. Mengine tutaongea ofisini."

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi. Angekaa kimya tu, angepigiwa makofi na kurudi nyumbani na sifa zake. Daktari Sagini asingejua. Lakini Chepngeno alipoinua macho aliuona mkono wa Fancy ndani ya leso, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alipiga moyo konde, akasimama.

"Kogo anasema kweli," alianza. "Nilifanya yote hayo. Na hilo ndilo kosa langu. Ile chupa ilikuwa imetakaswa, haikutaka kusuuzwa. Mikono yangu ilikuwa imetoka kwa ndama, sikuinawa, na nikaingiza kidole. Uchafu uliopimwa unaweza kuwa ni wa mkono wangu. Madam aliniuliza kama najua kuchota, nikamdanganya kwamba najua. Halafu nimejua kosa langu siku tano zilizopita, na nikanyamaza. Naomba mnisamehe."

Kogo Taprandich alikaa chini taratibu, mkono mdomoni, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

"Wiki mbili!" Mzee Kiptum alinguruma. "Wiki mbili watu wanabeba maji ya mto kwa sababu ya kidole chako?"

"Ndiyo, mzee. Kwa sababu ya kidole changu."

Vijana waliokuwa nyuma wakaanza kuzomea. Chepngeno hakukaa. "Naomba kitu kimoja. Nichote tena sasa hivi, nyote mkiangalia."

"Na nani atakuamini?"

Aliyejibu hakuwa Chepngeno. Alikuwa Fancy. "Mwacheni achote," alisema kwa uchungu. "Mimi ndiye nimeumia, na mimi nasema achote. Kama angetaka kutudanganya si angenyamaza tu? Tulikuwa tumeshampigia makofi."

Madam Jerusa alifungua mkoba wake, akatoa chupa mpya, akamkabidhi.

Umati mzima ukamfuata chemchemini. Chepngeno alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajipangusa kwa spiriti. Aliacha maji yatiririke. Kila hatua aliitaja kwa sauti, ili hata watoto wasikie: kifuniko kinabaki mkononi, mdomo wa chupa hauguswi, maji yanaingia mara moja tu, nafasi kidogo inaachwa juu. Hakumwaga hata tone. Alipomaliza kufunga, mtoto mmoja aliuliza kwa nini hakusuuza, na wenzake kumi wakamjibu kwa pamoja.

Kesho yake Daktari Sagini alifika. Alifungua daftari la mafunzo na kukuta kosa lote limeandikwa kwa mwandiko wa Chepngeno, tangu ule uongo wa kwanza mpaka zile siku tano za kunyamaza.

"Nani alikuamuru uandike haya?" aliuliza.

"Hakuna, Daktari."

Daktari Sagini alisoma mpaka mwisho. Hakumwangusha, lakini hakumbembeleza pia. Alimkata alama, akamwongezea wiki nne za mafunzo wakati wenzake watakapokuwa likizoni. Chepngeno aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimlengalenga, lakini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, siku hiyo alikula akashiba.

Kisahani cha sampuli ile mpya kilitolewa kikiwa kitupu. Hakikuwa na doa hata moja. Madam Jerusa, kama kawaida yake, hakutosheka na kisahani kimoja. Alimtuma Chepngeno tena siku ya pili na ya tatu. Asubuhi zote mbili msichana alifika Chepkoswet mapema, akachota sampuli, kisha akateremka mtoni na kupandisha mtungi wa maji mpaka kwa Fancy. Siku ya pili Fancy hakumwitikia salamu. Siku ya tatu alimpa kikombe cha chai ya maziwa na kumwambia akae. Visahani vyote vitatu vilikuwa safi, na ile ripoti ya kwanza ikafutwa. Wale watoto wawili, ilikuja kujulikana, walikula maparachichi yaliyooza. Jumatatu tangazo likang'olewa kwenye ua.

Miezi miwili baadaye, Chepngeno akiwa katika zile wiki nne za nyongeza, simu ililia maabarani. Ilikuwa ni Mzee Kiptum, akiulizia kipimo cha msimu wa mvua.

"Usijali, mzee," Madam Jerusa alimwambia. "Safari hii nitakuja mwenyewe."

"Wewe baki na kazi zako, mama," mzee alijibu, sauti yake ikisikika mpaka meza ya pili. "Mimi nataka yule msichana wa kidole. Maji ya hapa hakuna mwingine atayachota. Yule akikosea, atatuambia."

Madam Jerusa aliweka simu chini. Alichukua chupa iliyotakaswa, akaisukuma mezani mpaka mbele ya Chepngeno, naye Chepngeno akaenda kwanza kunawa mikono. Hakika, muungwana akivuliwa nguo huchutama.